Mieshi Ilipochanua Korongoni

2 Machi

Vikofia vinavyofunika machipukizi ya maua vimeanza kuanguka. Kwenye neti ya kwanza leo asubuhi nilikuta vichache, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama, kina ncha juu kama kofia ya mtoto mchanga. Maana yake huko juu, ambako macho yangu hayafiki, mieshi imeanza kufungua maua.

Mweshi ndio mkaratusi mrefu kuliko mikaratusi yote. Ukisimama chini yake huoni ua. Unaona magome yaliyobanduka yakining'inia kama kanda ndefu, na juu kabisa kijipande cha mbingu. Kinachotokea huko unakijua kwa kinachodondoka. Ndiyo kazi niliyopewa na ofisi ya misitu: kila wiki nizimwage neti zilizotandazwa chini ya miti, nitenganishe vikofia na majani, nipeleke. Vikofia vingi ni maua mengi, na maua mengi ni mbegu mwakani.

Ile ya milimani ilikufa yote kwenye moto wa mwaka juzi. Bado imesimama, myeupe, haina jani, na upepo ukivuma inalia kwa ndani kama chupa tupu. Chini yake imeota miche mingi kama nywele, lakini miche hiyo haitazaa mbegu mpaka ipite miaka ishirini. Moto ukirudi kabla ya hapo, basi. Iliyobaki hai ni hii ya Korongo la Maji Meusi, ambako moto uliruka kutoka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine bila kushuka. Mieshi hii inachanua kwa niaba ya wafu wote.

Naandika kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno. Wifi Rhonda yupo chumba cha pili, lakini yupo kama kabati lilivyopo.

5 Machi

Joto. Nyuki wangu wamekaa mlangoni mwa mizinga, hawana la kufanya.

9 Machi

Leo mkutano ulikuwa ukumbini, kuhusu jiwe la kumbukumbu. Litazinduliwa Mei, mbele ya kituo cha zimamoto, lenye majina ya wote waliokufa kwenye moto ule. Niliuliza jambo moja tu: jina la kaka yangu Alwyn litakaa wapi.

Watu wakaangalia viatu vyao. Garth Lomax, ambaye ndiye mwenyekiti, hakuangalia viatu.

"Halitakaa," alisema.

"Alikuwa mtu wa zimamoto kama nyie. Alikufa siku ileile."

"Nani aliyemwona amekufa? Mimi niliiona pikapu yake, Glenys. Ilikuwa imesimama Mgongo wa Lomax, imeelekea mjini, mlango wazi. Alitumwa kumchukua mama yangu. Mama nilimzika kwenye sanduku lenye majivu ya jiko lake, kwa sababu hakikubaki kitu kingine. Halafu unataka niandike jina la aliyekimbia juu ya jina la mama?"

Mama yake, Bibi Mavis, alikuwa akiishi peke yake kule mgongoni. Alwyn ndiye aliyejitolea kwenda. Mengine hakuna anayeyajua, ila pikapu, na uso wake ulivyoelekea.

Nilimgeukia Rhonda. Ni mke wake. Nilidhani atasema neno. Akanyanyua kikombe, akanywa chai, akakirudisha kwenye kisahani taratibu ili kisilie.

Njiani kurudi nilimwambia, "Wifi, ungesema hata neno moja."

"Neno gani?"

Nilikuwa nafikiri kwamba kaka yangu alioa jiwe.

10 Machi

Hatukusemeshana.

16 Machi

Nimeishusha mizinga korongoni. Vikofia sasa vinaanguka kama ukungu unaoshika mabega. Ukifunga macho unasikia mngurumo juu, mbali sana, kama watu wengi wanaosali ghorofani. Nyuki wangu wamefika huko. Mimi sitafika kamwe.

Nilikuwa namwaga neti ya mwisho niliposikia mluzi.

Sauti mbili zinazopanda, kisha moja ndefu inayoshuka, na katikati kipengo kidogo cha pumzi tu. Alwyn alivunjika jino la mbele akiwa kijana, na tangu hapo mluzi wake ukawa na pengo lile. Ndivyo alivyokuwa akimwita mbwa wake, Moss, tulipofanya kazi humu pamoja.

Nilisimama na neti mkononi. Ukaja tena, kutoka ng'ambo ya kijito, kwenye mikangaga ile mirefu inayosimama kama miavuli. Halafu kimya. Halafu sauti ya msumeno wa mashine, halafu kicheko cha ndege aitwaye kukabara, halafu kasuku watatu kwa pamoja, vyote kutoka palepale.

Ni yule ndege mwigaji, mwenye mkia kama kinubi. Najua. Nimekulia humu. Lakini nilikaa chini kwenye majani mabichi mpaka ruba akaniuma kwenye kifundo.

17 Machi

Nilimwambia Rhonda wakati wa kifungua kinywa. Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Kisu kikasimama.

"Ni ndege," alisema.

"Najua ni ndege. Lakini ndege huyo amejifunza wapi?"

"Wifi, nakuomba. Usiniletee hayo mezani."

Akaendelea kupaka siagi kipande kilekile, mpaka mkate ukatoboka.

23 Machi

Mvua kutwa. Neti zimejaa maji na vikofia, kama uji.

30 Machi

Tamsin wa ofisi ya misitu alikuja kukagua. Ni msichana mchangamfu, anakula biskuti zangu bila kuombwa. Alichota vikofia kiganjani, akapuliza majani, akacheka peke yake.

"Glenys, huu ni msimu ambao watu husubiri miaka. Machipukizi haya yalianza kabla ya moto, unajua? Yalipita kwenye moshi wote ule yakiwa yamefumba. Ndiyo yanafunguka sasa."

"Yalisubiri."

"Hayana njia nyingine. Chipukizi, ua, tunda, kila kimoja na zamu yake, na huwezi kuuharakisha mti." Akaangalia juu. "Mwakani nitaleta wakwezi wa miti, tuvune. Hizi mbegu ndizo tutakazomwaga kule juu mambo yakiharibika."

Tulikuwa bado tumesimama pale mluzi ulipokuja. Uso wangu lazima ulibadilika, maana alinishika mkono. Nikamweleza.

Alinyoosha kidole kwenye mikangaga. "Ndege hawa wanarithishana sauti. Dume mchanga hujifunza kwa dume mzee. Kama kaka yako alipiga mluzi humu kwa miaka, basi umo humu. Utaendelea kuwamo hata wewe na mimi tusipokuwapo."

Alitaka kunifariji. Nilirudi nyumbani nikiwa na baridi kwenye mifupa. Kaka yangu hana kaburi, hana jina kwenye jiwe, na sauti yake inarithiwa na ndege.

6 Aprili

Habari husafiri. Nilikuwa dukani nikinunua sukari ya nyuki, Garth akaingia na wenzake wawili wa zimamoto.

"Nasikia kaka yako anapiga mluzi siku hizi," alisema.

Mmoja akacheka, kisha akanyamaza aliponiona.

"Mwambie tunamsubiri," Garth akaendelea. "Aje na pikapu yake. Safari hii aielekeze mlimani."

Nilikuwa na maneno. Nimekuwa nayo miaka miwili. Lakini nilimwangalia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikaona shati lake limefungwa vibaya, upande mmoja juu na mwingine chini, na ndevu za siku kadhaa. Ni mtu anayezunguka na sanduku la majivu ya jiko kifuani. Nikachukua sukari yangu nikatoka.

8 Aprili

Rhonda anafunga mizigo. Anakwenda kuishi pwani kwa dada yake, baada ya Pasaka.

"Kabla ya jiwe," nilisema.

"Kabla ya jiwe."

"Kwa hiyo unawaachia waseme wanavyotaka."

Alikunja sweta la Alwyn, akalikunjua, akalikunja tena. "Glenys, wewe ulikuwa na kaka. Mimi nilikuwa na mtu. Wewe unamjua wa kupanda miti na kucheka. Mimi najua alikuwa akiogopa moto. Tangu utotoni, aliniambia. Alijiunga na zimamoto ili asiuogope, na hakuacha kuuogopa hata siku moja."

"Kwa hiyo na wewe unaamini alikimbia."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema lolote miaka miwili, wifi. Ndiyo shida yako."

Alifunga sanduku. Nikatoka kwenda kwa nyuki, ambao angalau ukiwakosea wanakuuma papo hapo.

13 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, ilivyotokea.

Nilimchukua Moss. Amezeeka, nyuma hana nguvu, na huwa namwacha nyumbani. Siku ya moto Alwyn alimfunga kwangu kwa sababu ya moshi, na ndiyo sababu Moss yupo. Leo aliponiona navaa viatu vya matope alisimama mlangoni akakataa kuondoka, nikamwinua nikamweka garini.

Korongoni palikuwa kimya. Usiku upepo ulikuwa mkali, na kanda za magome zilikuwa zimeanguka kila mahali. Moss alinifuata kutoka neti hadi neti, ananusa, analala, anaamka. Tulikuwa mti wa mwisho mluzi ulipokuja.

Sijawahi kuona mbwa akisimama vile. Masikio, shingo, mkia, vyote vikawa vya mbwa wa miaka mitatu. Akaruka kijito. Nilimwita, hakusikia, au alisikia na kuna aliyemwita kabla yangu. Nikamfuata, nikateleza majini mpaka kiunoni, nikapanda ukingo wa pili kwa mikono. Upande ule sina neti na sikuwa nimefika tangu kabla ya moto. Mikangaga imefungamana, unapita umeinama.

Kuna mweshi mmoja huko ambao Alwyn na mimi tulikuwa tukiuita Nyumba. Shina lake ni pana kama chumba, na chini liliungua zamani sana, kabla ya babu zetu, likaacha uwazi wa kuingia watu wawili au watatu. Mti wenyewe ni mzima kabisa. Vikofia vyake vilikuwa vimetanda ardhini. Mbele ya uwazi ndege alikuwa amejitengenezea uwanja wa kuchezea, kama wafanyavyo, akaparua udongo na majani yote akayatupa pembeni. Aliponiona akakimbia chini ya mikangaga na mkia wake wote.

Moss hakumfuata. Alikuwa amelala kifudifudi mbele ya uwazi, pua kwenye udongo uliofukuliwa, na hakubweka.

Palikuwa na kitambaa cha njano. Nilidhani ni ua. Nikapiga magoti nikafuta majani kwa kiganja, ikaonekana kola, na ndani ya kola herufi ambazo nilizijua, kwa sababu nilimwona Rhonda akizishona kwa uzi mwekundu jikoni kwangu: A. PENHALE. Ni koti la zimamoto. Ndani ya koti palikuwa na mtu, yaani kilichobaki cha mtu, amekaa, ameegemea ukuta wa mti, na mizizi midogo imeanza kumshika.

Sikuingia. Nilisema, "Nimekupata," kwa sauti ya kawaida, kama tulivyokuwa tukicheza kujificha. Kisha nikakaa na Moss. Mngurumo wa nyuki ulikuwa juu, na vikofia vilikuwa vinatudondokea sote watatu, polepole, bila kuchoka. Nilifikiri: amekaa hapa vipindi vyote hivi, nami ng'ambo ya kijito nakula mkate wangu wa mchana.

Halafu nikapanda mlimani mpaka simu ikashika mtandao.

Rhonda nilimwambia ana kwa ana. Hakulia. Alikwenda kuoga, akavaa gauni lake la bluu, akakaa sebuleni kama anayesubiri kuchukuliwa.

14 Aprili

Si yeye.

Mkuu wa polisi alikuja mwenyewe, akavua kofia mlangoni. Mifupa ni ya mwanamke mzee, mfupi. Hakuungua. Wanadhani moshi ndio uliomuua. Tayari wanajua ni nani, kwa pete na kwa nyonga ya chuma aliyowekewa hospitali.

Ni Bibi Mavis Lomax.

Rhonda alisimama katika gauni la bluu akauliza, "Na mume wangu?"

"Tunaendelea kutafuta, bibi."

17 Aprili

Wametafuta kwa mbwa wao na fito ndefu. Polisi wameipanga habari hivi: mti uliangukia barabara upande wa chini wa Mgongo wa Lomax. Pikapu ilikuwa imeelekea mjini kwa sababu ilikuwa inarudi. Alwyn alikuwa ameshapanda, ameshamchukua bibi, wanashuka, wakakuta njia imezibwa. Kutoka pale hadi Nyumba ni mteremko mkali, lazima alimbeba. Pikapu ile kila mtu aliiona, mimi pia, na miaka miwili tuliisoma upande mmoja tu, kwa sababu wote tuliamini bibi aliungulia jikoni kwake.

Alwyn hayumo kwenye mti. Hayumo karibu na mti.

20 Aprili

Mvua. Neti hazijamwagwa. Tamsin ameniambia nisijali.

24 Aprili

Rhonda hajaondoka. Masanduku yako koridoni, tunayaruka kwenda chooni.

Leo nilikuwa nakamua masega, akaja akashika mpini wa mashine bila kuombwa, akazungusha. Asali ya mweshi ni nyepesi, karibu haina rangi. Tulifanya kazi kitambo. Kisha akasema bila kuacha kuzungusha:

"Alinipigia simu siku ile."

Nikaweka ndoo ya pili chini ya bomba la mashine.

"Nilisikia moto nyuma yake, kama treni. Alisema anaogopa. Nikamwambia, basi acha, njoo nyumbani, waachie wengine, njoo. Akasema, nakuja. Ikakatika." Mashine ikaendelea kuzunguka. "Kwa hiyo watu waliposema alikimbia, ningesema nini? Kama alikimbia, mimi ndiye niliyemwita."

"Wifi."

"Sasa wanasema alikuwa na bibi. Alikuwa ameshamweka mahali. Pale angeweza kukaa naye. Akatoka. Anakuja nyumbani, Glenys, kwa sababu nilimwambia aje."

Ningeweza kumwambia kwamba bibi aliyebaki ndani naye alikufa. Alikuwa analijua hilo. Nikaweka mkono wangu juu ya wake kwenye mpini, tukazungusha pamoja mpaka masega yakakauka. Miaka miwili nimeishi na mwanamke huyu nikimwita jiwe, kumbe alikuwa ameziba mdomo ili kitu hicho kisitoke.

2 Mei

Garth alikuja. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni, amesimama getini muda mrefu, mkono kwenye komeo. Moss alikwenda kumnusa akarudi. Nikafungua mlango.

"Rhonda yupo?" aliuliza.

"Yupo."

"Nataka kusema nanyi wote wawili."

Alikaa kwenye ncha ya kiti. Rhonda alisimama karibu na sinki, mikono ina povu. Nikatia chai kwa sababu sikujua la kufanya.

"Polisi wamenionyesha koti," alisema. "Niliomba kuliona. Waliniambia si lazima, nikasema nataka." Akakisogeza kikombe, hakunywa. "Mnayajua yale makoti. Kuna zipu, na juu yake vifungo vya chuma, kutoka kiunoni mpaka kidevuni. Kisha ile kola unaigeuza, unaibana kwa mbele, kifuniko kinakaa mdomoni. Hata mimi mwenye mikono mizima huwa kinanipiga chenga."

"Najua," alisema Rhonda.

"Vyote vilikuwa vimefungwa. Kila kimoja. Na kola imebanwa." Akatazama mikono yake mwenyewe. "Mama hakuweza kufunga hata kifungo cha sweta. Vidole vilikuwa vimepinda, ule ugonjwa wa viungo. Kila asubuhi nilikuwa napita kwake kabla ya kazi kumfunga. Asubuhi ile sikupita. Nilikuwa upande wa pili wa mlima na kikosi."

Rhonda alifunga bomba la sinki.

"Mtu anayekimbia hafungi vifungo," alisema. "Alipiga magoti pale ndani, moto uko juu ya kichwa chake, akamfunga mama yangu kimoja kimoja mpaka juu. Mnajua inachukua muda gani? Nimejaribu nyumbani. Nimejaribu kwenye koti langu, nimelivisha kiti." Akagusa kola ya shati lake. "Halafu akatoka nje na fulana tu."

Rhonda alifuta mikono kwenye aproni, akaja akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Alikuwa anaogopa moto," alimwambia. "Nataka ulijue hilo. Usimfanye kuwa mtu mwingine."

"Nimekusikia."

"Aliogopa kupita kiasi."

"Basi," alisema Garth, "ndiyo maana siwezi kulala."

Alikunywa chai yake yote imepoa, akaondoka. Mlangoni aligeuka kwangu. "Yale niliyosema dukani." Hakumaliza, nami sikumsaidia kumaliza. Lakini nilimfungulia geti.

11 Mei

Leo tulimzika Bibi Mavis. Sanduku la majivu ya jiko walilifukua, Garth akalimwaga bustanini kwenye mawaridi ya mama yake yaliyochipua upya. Rhonda na mimi tulisimama nyuma. Watu walikuja kutushika mikono, walewale walioangalia viatu, wakasema tunasikitika, tunasikitika. Nilizipokea pole. Nimegundua kwamba ushindi nilioutamani ukija unakuwa na mikono baridi.

Vikofia vinapungua. Nyuki wanarudi mapema.

18 Mei

Jiwe limezinduliwa. Jina lipo. Garth aliwaambia wachongaji waweke ALWYN PENHALE na MAVIS LOMAX mstari mmoja, bila mmoja kuwa juu ya mwenzake. Kulikuwa na skonzi, kulikuwa na hotuba. Nilidhani nitahisi kitu kimeshuka mabegani. Niliona herufi tu, safi, zina vumbi la patasi ndani yake.

Rhonda alizigusa kwa kidole. "Hii ni ya watu wote," alisema. "Yeye bado yuko nje."

Jioni aliburuta masanduku kutoka koridoni akayarudisha chumbani.

25 Mei

Msimu wa maua umekwisha. Neti zote zilikuwa na majani tu. Tamsin anasema matunda yameshika vizuri kuliko alivyothubutu kutumaini, na sasa yatakaa juu mwaka mzima yakikomaa, magumu kama kokoto, yamefumba.

Mimi na Rhonda tulipofika tulikuta gari la Garth tayari limeegeshwa juu ya korongo. Alikuwa na fito tatu amezichonga mwenyewe. Polisi waliacha kumtafuta Alwyn wiki iliyopita.

"Nimefikiri hivi," alisema. "Akitoka kwenye Nyumba anataka kwenda mjini, hatapanda, kule kunawaka. Atafuata maji. Mimi ningefuata maji."

Rhonda alivaa viatu vya Alwyn, soksi mbili ndani yake. Tukashuka kwa mstari, Garth ukingo huu, mimi katikati kwenye kijito, Rhonda ukingo ule. Tulichoma majani kwa fito, tukainua magogo, tukaangalia chini ya kila jiwe lenye uvungu. Moss alitufuata kwa mbali. Garth aliuliza maswali akiwa hatutazami. Alikuwa mrefu kiasi gani hasa. Alikuwa mtu wa kushoto au kulia. Akichoka hupumzikaje, hukaa au husimama. Rhonda alimjibu yote, kwanza kwa neno moja, kisha kwa sentensi, kisha akawa anasimulia jinsi Alwyn alivyowahi kuangukia kwenye kijito hikihiki na mzinga mzima, na Garth akacheka, na Rhonda naye akacheka, mara ya kwanza naona meno yake tangu moto.

Hatukupata kitu. Jua linazama mapema siku hizi, na korongoni giza hutangulia. Tulifika pale maji yanapopanuka, tusiweze kuendelea bila taa. Garth akasema turudi Jumapili, tuanzie hapa.

Rhonda hakugeuka. Alisimama ukingoni, akaweka mikono mdomoni, akaita, "Alwyn." Sijamsikia akilitaja jina lile kwa sauti miaka miwili. Lilikwenda chini kando ya maji, likapita chini ya mieshi, halikurudi. Akaita tena. Mara ya tatu sauti yake haikutoka.

Garth alivua kofia. Akavuka kijito na viatu vyake, akasimama kando yake, akavuta pumzi, akaita yeye.

"Alwyn."

Akaita tena na tena, mtu mzima, kwa nguvu zote za kifua chake, mpaka sauti ikakauka. Kisha nikaanza mimi.

Jumapili tunarudi.